Filamu za Bure Bustanini: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tamasha la Mtaa

Kila kipupwe kikiingia, wenyeviti wa mitaa, walimu na vijana wa vikundi vya sanaa hunitafuta wakiwa na kisa kilekile. Walitangaza filamu ya bure kwenye bustani ya mtaa, watu wakajaa, halafu picha ikawa hafifu, maneno hayakufika nyuma, au askari wakaja saa mbili usiku kuuliza kibali. Watoto wakakunja mikeka wakarudi nyumbani. Ukiwaita mara ya pili, hawaji.

Sijasikia hata mara moja kwamba filamu yenyewe ndiyo iliyoharibu usiku. Kinachoharibu ni mwanga wa taa, upepo, sauti, umeme na karatasi. Vyote vitano hujulikana mapema ukienda mahali penyewe usiku, na vifaa vyenyewe, wiki moja kabla. Ukikosa muda wa mengine yote humu, usikose Hatua ya 7.

Vipimo nilivyoweka ni vya usiku mbili na watu wapatao 200, katika miji ya pwani ya Tanzania. Walio bara wafuate hatua hizihizi, ila wapange tarehe kwa mvua na upepo wa kwao.

## Vifaa: kusanya kwanza, tangaza baadaye

Picha

- Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi, au zaidi. Soma neno ANSI kwenye kijitabu chake, si namba kubwa ya kwenye boksi. Projekta nyingi za bei rahisi huandikwa lumeni elfu kumi na hazifikishi hata elfu moja.
- Skrini nyeupe isiyong'aa ya mita 4 kwa mita 2.25. Flexi tupu ya mabango, ile isiyometameta, inafaa sana. Bafta pia inafaa, ila ishonwe tabaka mbili na kuwekewa kitambaa cheusi nyuma, la sivyo nusu ya mwanga itapenya.
- Laptopu, chaja yake, na fleshi mbili zenye filamu zilezile.
- Kebo ya HDMI ya mita 3 hadi 5, na ya akiba.

Kusimamishia

- Mabomba ya chuma ya inchi 2, au mirunda minyoofu minne.
- Kamba za manila, vigingi vya chuma, na viroba kumi vya mchanga.
- Vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Usividharau, utaona kazi yake.

Sauti na umeme

- Spika mbili zenye amplifaya ndani, stendi zake, miksa ndogo, na maikrofoni ya waya.
- Waya wa umeme wa milimita za mraba 2.5 kwenye roli, mita 50.
- UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) kwa projekta na laptopu.
- Jenereta ya kVA 2.5 hata kama kuna umeme wa TANESCO.

Watu

Watu kumi na wawili wanatosha: wawili kwenye mitambo, mmoja wa umeme tu, mshereheshaji, wanne wa kupokea na kupanga watu, wawili wa watoto waliopotezana na wazazi, wawili wa ulinzi shirikishi. Ongeza mikeka, tochi, mapipa ya taka na sanduku la huduma ya kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mvua, giza na mpira

Epuka masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ni pakavu na pana ubaridi mzuri, lakini ndio msimu wa upepo wa kusi, na kusi ni adui wa skrini. Januari na Februari kaskazi huwa mpole zaidi kwa sehemu nyingi, ila joto ni kali na giza huchelewa.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Giza la kutosha picha huja dakika 25 hivi baadaye. Kuanza saa 12 jioni kwa sababu watu wameshafika ndiko kunakozaa picha hafifu. Wafundishe watu kusubiri giza pamoja nawe: cheza muziki, endesha michezo ya watoto.

Panga ratiba kwa adhana pia. Hii si heshima ya juujuu. Katika mitaa yetu nusu ya wasimamizi na watazamaji wataondoka Isha ikiadhiniwa, na spika za msikiti zitafunika mazungumzo ya filamu. Mwone imamu, muulize saa za mwezi huo. Mwezi wa Juni mpango wangu ni huu:

- Baada ya Magharibi, watu wanaingia.
- Saa 12:45, filamu fupi za watoto.
- Adhana ya Isha ikianza, zima sauti, washa taa, pumzika hadi watu warudi.
- Saa 2:00, filamu kuu, isiyozidi dakika 100.
- Kabla ya saa 4:00, kimya.

Tazama pia ratiba ya ligi. Usishindane na Simba na Yanga. Hata mwenye projekta atakukimbia.

## Hatua ya 2: Tafuta kona yenye giza na kinga

Wengi wamewahi kutazama filamu za tamasha la ZIFF ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, wakadhani uwazi wowote utafanya vilevile. Pale pana kuta nene za mawe pande zote. Zinazuia upepo na taa za barabarani, na zinarudisha sauti ndani. Bustani yako haina kuta, kwa hiyo tafuta vitu vitakavyofanya kazi ya kuta: jengo la ofisi ya mtaa, ukuta wa shule, safu ya miashoki.

Nenda usiku. Simama pale skrini itakaposimama, uangalie kule itakakotazama. Ukiona taa yoyote moja kwa moja, taa hiyo itapaka picha yako weupe. Mbalamwezi haina neno. Hata mwezi mpevu hautoi hata robo ya mwanga wa taa ya barabarani iliyo jirani. Mwombe anayehusika na taa za bustani azime moja au mbili kwa saa tatu, nawe uahidi tochi na taa ndogo za njiani.

Pakiwezekana, skrini itazame mashariki, ili wekundu wa machweo usiipige usoni. Mashariki ikigongana na kinga ya upepo, chagua kinga. Machweo yataisha baada ya nusu saa, lakini upepo utakuwa nawe hadi mwisho.

Angalia ardhi nayo. Penye maji yaliyotuama pana mbu, na mtu akiondoka na malaria au homa ya dengi hatakushukuru kwa filamu. Pima njia ya kiti cha magurudumu kutoka barabarani. Jua choo kiko wapi na nani ana ufunguo wake saa tatu usiku.

*Mahali pamefaa* ikiwa umesimama pale saa moja usiku, umetandaza shuka jeupe, na huoni kivuli chako juu yake.

## Hatua ya 3: Vibali, kabla hujachapisha tangazo

Anza mwezi mmoja kabla. Fuata mpangilio huu, maana kila ofisi itakuuliza barua ya ile iliyotangulia.

Kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akupe barua ya utambulisho. Kisha mtendaji wa kata. Kisha mwenye bustani, ambaye mara nyingi ni halmashauri, na afisa utamaduni wake. Mwisho polisi wa wilaya, uwape taarifa ya maandishi yenye tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya watu na majina ya wasimamizi.

Filamu nazo zina ofisi yake. Tanzania Bara, maonyesho ya filamu kwa umma yako chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayozikagua na kuzipanga kwa umri. Zanzibar nenda Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Kenya ni Kenya Film Classification Board. Uliza mapema kama filamu uliyochagua imeshakaguliwa. Ikiwa tayari, kazi inapungua sana.

Onyo: kibali cha mdomo hakipo. Afisa aliyekwambia "endeleeni tu" hatakuwa zamu usiku huo. Tia nakala zote kwenye bahasha moja, na bahasha ikae kwa mshereheshaji, si nyumbani.

## Hatua ya 4: Filamu zenye ruhusa

Hapa watu wengi waaminifu hukosea bila kujua. Ukinunua diski au ukilipia mtandao wa filamu, umenunua haki ya kutazama nyumbani kwako. Bustani si nyumbani, na kutotoza kiingilio hakubadilishi hilo. Mwenye hakimiliki bado anapaswa kukuruhusu.

Habari njema ni kwamba watayarishaji wetu wanapatikana. Waandikie. Sema ni bure, sema ni usiku gani, watu wangapi, na kwamba jina lao litatajwa na mmoja wao anakaribishwa kuzungumza baada ya filamu. Wengi wanatamani sana kuona watu 200 wakicheka na kulia mbele ya kazi yao, jambo ambalo simu haiwapi. Wakikubali, pata maandishi, hata ujumbe mfupi wenye jina la filamu na tarehe. Ukikwama, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakueleza nani anamiliki nini, pamoja na muziki utakaopiga kabla ya filamu.

Kwa watoto, Blender Foundation ya Uholanzi imetoa katuni fupi kwa leseni huria inayoruhusu kuzionyesha hadharani mradi umetaja watengenezaji. Baadhi hazina maneno kabisa, kwa hiyo mtoto wa miaka minne na bibi yake wanaelewa sawasawa.

Filamu ya lugha ngeni yenye maandishi chini isiwe filamu kuu. Watoto hawasomi haraka, wazee hawaoni vizuri, na vichwa vya mbele vitafunika mstari. Ikilazimu, tumia mtafsiri wa maikrofoni kama wa vibanda umiza (vibanda vya video vya mitaani), lakini mwenye filamu akubali kwanza, na mtafsiri awe ameitazama mara mbili.

## Hatua ya 5: Simamisha skrini kama unajenga, si kama unatundika nguo

Mwaka wetu wa kwanza tulifunga bafta kwenye mirunda miwili, tukaishindilia ardhini futi mbili. Saa mbili na robo kusi ikavuma kwa kishindo, mrunda mmoja ukang'oka ukaangukia mkeka wa mbele. Watoto walikuwa wamesimama dakika ile kugawiwa maji. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sikubali skrini isimame bila kuikagua kwa mikono yangu.

Fikiria hesabu hii. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukipiga skrini ya mita za mraba 9 unaisukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Kwa hiyo:

1. Unga fremu kamili ya pande nne chini, ardhini. Usitegemee kamba ya juu peke yake, itapinda katikati.
2. Tundika kitambaa ndani ya fremu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kila sentimita 30. Upepo ukipiga, mpira unavutika kisha unarudi. Kamba ngumu hupasua kitambaa.
3. Inua fremu kwa watu wanne. Ukingo wa chini wa kitambaa uwe mita 1.3 hadi 1.5 kutoka ardhini, ili vichwa visizuie picha.
4. Funga kamba nne za kuvuta, mbili mbele na mbili nyuma, kwenye vigingi vilivyolazwa kuelekea mbali na skrini. Weka viroba viwili vya mchanga kila mguu.
5. Funga vitambaa vyeupe kwenye kamba. Usiku hazionekani, na mtoto anayekimbia atajikwaa.

Usitoboe matundu ya kupitisha upepo. Nguvu inapungua kidogo mno, na picha inaharibika kabisa.

*Imekaa imara* ikiwa watu wawili wenye nguvu wanauvuta ukingo wa juu kwa kamba na mguu wowote hauinuki. Kigingi kikicheza, kichimbiwe upya. Na uweke sheria leo, kabla ya msisimko wa usiku: kusi likianza kuvuma mfululizo hadi matawi makubwa yanatikisika, skrini inashushwa, hata filamu iwe imebaki dakika kumi.

## Hatua ya 6: Umeme na sauti

Projekta, spika, laptopu na taa chache havifiki wati 700 kwa wastani. Saa nne ni uniti tatu hivi. Jirani akikupa umeme, mnunulie uniti zake na uhakikishe LUKU yake ina salio kabla ya Magharibi. Nimeona tamasha likizimika kwa uniti kuisha wakati TANESCO wapo.

Jenereta ikae mita 30 kutoka kwa watu, upande upepo unakoelekea, nyuma ya jengo au ukuta. Jaza petroli kabla ya kuanza. Usiongeze mafuta ikiwa inanguruma au ingali ya moto. Kunjua waya wote kwenye roli hata kama umbali ni mfupi. Waya uliojiviringisha hupata moto. Mahali pa kupita watu, ufukie au uufunike kwa mkeka uliogandamizwa.

UPS si anasa. Umeme ukikatika, taa ya projekta inahitaji feni iendelee kuipoza. Ikizimwa ghafla mara kadhaa inakufa, na taa hiyo ni ghali.

Kwa sauti, panda spika kwenye stendi mita 2, pembeni mwa skrini, zikiinama kidogo kuelekea safu ya katikati. Shusha besi. Besi husafiri mbali hadi vitandani mwa majirani, na haibebi maneno. Maneno yako katikati, kwa hiyo ongeza hapo kidogo. Kutoka laptopu hadi miksa tumia waya, usitumie bluetuthi, kwani sauti itachelewa kuliko midomo na watu watachoka bila kujua sababu.

Kaa safu ya mwisho, mtu asome gazeti kwenye maikrofoni kwa sauti ya kawaida. Ukielewa kila neno bila kukaza masikio, inatosha. Usiongeze.

## Hatua ya 7: Jaribio la usiku, wiki moja kabla

Funga kila kitu kama siku yenyewe. Ondoeni visingizio: "projekta tutaiazima Ijumaa" maana yake hamjajaribu.

Weka projekta kwa umbali wake. Kijitabu kitakupa namba ya uwiano wa umbali kwa upana wa picha; ikiwa 1.5, skrini ya mita 4 inataka mita 6. Meza yake iwe na uzio wa kamba, watoto watapita.

Cheza kila filamu mwanzo, katikati na mwisho. Faili liwe MP4 la 1080p. Fleshi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo iumbize (format) kwa exFAT. Kwenye laptopu zima masasisho, usingizi, kifunika skrini na ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe wa binafsi ukitokea mbele ya mtaa mzima, huwezi kuurudisha.

Kisha, kwa makusudi, ng'oa plagi kubwa. Mtu wa umeme awashe jenereta huku mshereheshaji akizungumza na mtaa ulio mtupu. Pima dakika. Mkizidi tano, rudieni. Watu husubiri dakika tano kwa furaha. Kumi, wanaanza kukunja mikeka.

Siku hiyohiyo pita kwa nyumba zilizo jirani na bustani. Waambie siku, na saa ya mwisho. Mpe mmoja namba ya simu ya kupiga sauti ikimsumbua. Jirani aliyeombwa radhi mapema hapigi simu polisi.

## Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Skrini isimame saa tisa alasiri. Watoto wadogo watafika kabla yako, bila wazazi. Waandikie karatasini jina na mtaa, na uwaoneshe meza ya waliopotea.

Mikeka mbele, kuanzia mita 4 kutoka skrini; wazee na wajawazito kwenye viti upande mmoja; benchi nyuma yao; waliosimama mwisho kabisa. Acha njia pana mbili hadi barabarani. Bodaboda na bajaji zote zibaki nje, taa zao zisielekee ndani. Mama lishe na wauza kahawa wakae nyuma au pembeni ya watazamaji, maana moshi na taa zao mbele vinaua picha.

Mshereheshaji aseme mambo matatu tu: umri uliowekewa filamu kuu, vyoo viko wapi, na mtoto akipotea aende wapi. Filamu ikiwa ya watu wazima kidogo, asimamishe baada ya katuni na kuwataka wazazi wawapeleke wadogo nyumbani. Kama hamwezi kusimamia hilo, chagueni filamu nyingine.

Kuanzia saa tatu umande huanguka, hasa Juni na Julai. Funika spika na miksa kwa turubai juu, pande zikiwa wazi. Wadudu watafuata mwanga wa lenzi. Taa moja nyeupe iliyotundikwa mita 20 pembeni itawavuta wengi.

## Hatua ya 9: Kufunga

Washa taa za njiani kabla majina ya mwisho hayajaisha. Watu watoke kwanza, vifaa baadaye. Usishushe skrini watoto wakiwa chini yake. Projekta izimwe kwa kitufe chake, feni iache kuzunguka yenyewe, ndipo UPS izimwe. Kitambaa kikiwa na umande, kikunjwe kwa muda tu na kianikwe asubuhi, la sivyo madoa ya ukungu hayatatoka.

Meza ya watoto ndiyo ya mwisho kuondoka. Akibaki mtoto mmoja, wawili wenu mnamsindikiza hadi mlangoni na kumkabidhi kwa mkono.

Kesho yake, kabla ya saa moja asubuhi, rudini kuokota taka na kufukia matundu ya vigingi. Mpitie aliyezima taa za bustani, umwambie saa ya kuzizima leo jioni, kwa sababu usiku wa pili unaanza palepale.